Kola ya Blaguna

3 Februari
Daftari hili nililinunua la kuandikia mpango wa biashara. Leo ofisi ya ajira imesema mpango uandikwe kwenye fomu zao, kwa hiyo kurasa themanini zimebaki tupu, na mimi sipendi kutupa kitu. Basi nitaandika humu yanayonikera, maana mume wangu Ilčo amechoka kuyasikia.

La kwanza linalonikera ni Blaguna.

Kiwanda chetu cha makoti kilifungwa wiki moja kabla ya Mwaka Mpya. Hapa Štip, mji wa viwanda vya nguo, mwanamke akifungiwa kiwanda huhamia kiwanda cha mtaa wa pili, lakini mimi nina miaka arobaini na tisa na sitaki tena kunyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nataka chumba changu, cherehani yangu, na watu waniletee suruali za kupunguza na magauni ya kuongeza upana. Ofisi ya ajira ina ruzuku ya kuwasaidia wanaotaka kujiajiri. Habari hiyo nilimpa Blaguna mimi mwenyewe, jikoni kwangu, nikiwa nimemwekea kahawa na jamu ya tini. Akasikiliza, akaguna, akamaliza jamu. Leo nimemkuta mbele yangu kwenye foleni.

"Shoga! Nimekushikia nafasi," akasema.

Amenishikia nafasi nyuma yake.

4 Februari
Theluji. Blaguna amepaka nywele rangi. Zimempendeza, kwa bahati mbaya.

11 Februari
Tumefundishwa kuandika mpango wa biashara, watu kumi na wanane katika chumba chenye hita moja. Mimi niliandika kurasa sita kwa mwandiko safi. Blaguna aliandika ukurasa mmoja na nusu, na ulipofika wakati wa kusoma akasimama akasema, "Mji huu unashona makoti ya nusu ya Ulaya, lakini mtu akitaka kupunguziwa suruali yake inabidi ampigie magoti shangazi. Mimi nitakuwa shangazi wa kila mtu."

Watu wakacheka mpaka mkufunzi akavua miwani. Akasema, "Mmeona? Hilo ndilo wazo."

Wazo gani? Wazo ni langu! Yeye ameliongezea shangazi tu.

12 Februari
Nimeamka bado nimeudhika.

19 Februari
Balaa. Mbali na fomu, wanaoomba ruzuku ya ushonaji watapeleka sampuli: koti moja la kike lenye kola, mikono na bitana, alilolishona mwombaji kwa mikono yake peke yake. Watakaolikagua ni kamati, na ndani ya kamati yumo mwalimu Evdokija aliyetufundisha sote shule ya ufundi kabla hajastaafu.

Asiyejua kazi yetu atashangaa. Miaka ishirini na miwili kwenye makoti, koti moja linakutisha? Linanitisha. Kiwandani hakuna anayeshona koti. Kuna anayeshona mifuko, kuna anayeshona bitana, kuna wa vifungo. Mimi nilikuwa wa kola. Kola mia tatu kwa siku, nikimaliza naisukuma kushoto, na kushoto kwangu alikaa Blaguna, anatia mikono. Kola yangu hata kipofu angeijua kwa vidole. Lakini tangu shuleni sijatia mkono kwenye koti.

26 Februari
Nimetia mkono wa kushoto mara tatu na kuufumua mara tatu. Ilčo alilivaa koti kunifanyia mzaha, akasimama katikati ya chumba na bega limepanda sikioni.

"Huyu mteja wako alianguka kwenye pikipiki?" akauliza.

Nilimfukuza jikoni kwa rula.

1 Machi
Leo ni siku ya kufungiana uzi mwekundu na mweupe mkononi. Blaguna amesokota nyuzi za mtaa mzima, kachanganya na shanga. Amegawa nyumba kwa nyumba. Kwangu amefika mwisho, shanga zimekwisha.

4 Machi
Blaguna amekuja na koti lake ndani ya mfuko wa plastiki. Akalitandaza mezani. Mikono imekaa ajabu, imejaa begani bila mkunjo hata mmoja. Kola ilikuwa haiangaliki.

"Cheka tu, shoga," akasema. "Nimeisha. Najua una lako la kuchekesha pia, lilete."

Nikalileta. Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu akasema, "Tufanye kama kiwandani. Nikutilie mikono, unishonee kola. Atajua nani?"

"Wamesema kwa mikono yako peke yako."

"Na mikono yetu ilishawahi kuwa peke yake lini?"

Nilikubali. Nilitaka nikubali bila kumshukuru, na nadhani niliweza.

9 Machi
Amenitilia mikono. Alitaka kulishikiza koti mwilini mwangu, kwa hiyo akanipa uzi niutafune, kwa sababu nguo haishonwi mwilini mwa mtu bila yeye kuuma uzi, asije akashonewa na akili zake humo ndani. Basi mimi nimesimama kimya, nautafuna, naye anazunguka na pini mdomoni pembeni, anaongea.

Amekwisha kupata chumba. Kile kidogo kilichokuwa cha fundi saa, karibu na soko. Mwenye nyumba amemwambia asilipe kwanza, aanze tu, kwa sababu marehemu mume wa Blaguna aliwahi kumtengenezea paa. Kile chumba mimi nakipita kila siku tangu vuli nikikitazama. Nilikuwa nikipanga moyoni cherehani ikae wapi. Sikumwambia mtu, ni kweli, lakini mtu akikitazama chumba miezi mitano si watu wanaona?

"Na wewe utapata, tutakuwa na maduka mawili," akasema. "Wakubwa waje kwako, wabishi waje kwangu."

Nikameza kipande cha uzi.

Mikono imetoka kamili. Nimejitazama kiooni nikachukia jinsi ilivyo mizuri.

13 Machi
Nilipeleka cheti changu cha shule dirishani, ofisi ya ajira. Yule binti wa dirishani akatazama huku na huku, akainama.

"Mama, nikwambie kitu? Mwaka huu kwa ushonaji mjini wanachukua mmoja. Wengine ni wafugaji nyuki na mafundi bomba."

"Na tumeomba wangapi?"

"Watano. Lakini nimesikia wanaoongelewa ni wawili. Wewe na yule mcheshi."

Yule mcheshi. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikuhisi baridi. Ilčo aliuliza kuna nini, nikasema foleni.

17 Machi
Blaguna ameniuliza mara mbili kola itakuwa tayari lini. Sijamwambia habari ya mmoja.

18 Machi
Bado sijamwambia.

22 Machi
Sikukuu ya Arobaini, ya wafia dini arobaini. Štip nzima imepanda Isar, kilima chetu chenye ngome, asubuhi kama kila mwaka, kuokota vijiwe arobaini na kusalimia watu arobaini unaowajua. Jua zuri, milozi imechanua.

Niliamua mwaka huu nimalize watu wangu bila kumhesabu Blaguna. Nimehesabu kwa vidole. Mwokaji mikate, mmoja. Daktari wa meno, wawili. Wenzetu wa kiwandani nane kwa mpigo. Nilipofika thelathini na tisa nikakwama. Nilizunguka kuta za ngome mara mbili nikitafuta sura ninayoijua, na kila sura niliyoijua imenipa mgongo, imemzunguka Blaguna. Sauti yake ilisikika mpaka mtoni. Anasalimiwa na watu wasiohitaji tena kuhesabu, wamekwisha kutimiza arobaini zao, wanamsalimia kwa kupenda tu!

Mimi watu wananiheshimu. Hakuna aliyewahi kusema neno baya juu yangu wala juu ya kola yangu. Lakini kuna mtu amewahi kuvuka barabara ili anisalimie mimi? Nimefikiri njia nzima ya kurudi, sikumpata.

Akaniona. Akawaacha wote, akashuka kwenye majabali anapepesuka kwa viatu vyake vya sikukuu.

"Una wangapi?"

"Thelathini na tisa."

"Basi nipe mkono, tumalize!"

Nikampa. Kiganja chake kilikuwa cha moto kwa kushikwashikwa na watu. Nilimwonea wivu hata joto lile.

23 Machi
Jumapili. Ilčo ameenda kutazama mpira kwa kaka yake. Nimeshona kola ya Blaguna.

Nataka niandike ilivyokuwa, kwa kuwa sitamwambia mtu.

Kwanza niliishona vizuri. Sikukusudia, mikono iliikata, ikaigeuza, ikaipiga pasi, na kabla sijakaa sawa kola ilikuwa imekwisha, ncha mbili sawa, imelala shingoni kwa utulivu. Dakika arobaini. Nikaitundika dirishani nikaitazama. Mikono yake na kola yangu. Nimeona makoti elfu ngapi maishani mwangu, sijaona koti zuri kama lile. Na lilikuwa lake.

Langu lilikuwa limetundikwa kando yake. Nalo zuri, mikono ile ile, kola ile ile. Makoti mawili sawa kabisa. Ikanijia: yakiwa sawa, watachagua mtu. Watamchagua mcheshi.

Nikafumua.

Nilifikiri kukosea ni rahisi, watu wanakosea kila siku. Nimeshona mara ya pili ikatoka sawa vilevile. Ilibidi nichukue chaki nichore kosa, nipime kosa, nishone juu ya mstari wa kosa taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu mikono yangu haikuijua njia hiyo. Ncha ya kulia nimeirefusha. Kidogo. Nusu sentimita. Ukilitazama kwa mbali unaona tu kwamba kuna kitu hakijatulia, hujui ni nini.

Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho. Blaguna hana mume wa kumletea mshahara, najua. Mimi Ilčo anaendesha gari la taka la manispaa, kila mwezi kinaingia kitu. Hayo yote niliyajua huku nikipiga pasi.

24 Machi
Nimempelekea koti limekunjwa. Amesema, "Mungu akupe afya, shoga." Sikungoja alifungue.

27 Machi
Kamati.

Tulikaa kwenye benchi la korido saa nzima, bega kwa bega, kila mtu na koti lake mapajani. Blaguna hakuwa na mzaha leo, nikadhani ni woga. Walikuwa wanaita wawili wawili kuokoa muda, tukaitwa sisi pamoja.

Walikuwa watatu mezani. Wawili walisoma karatasi. Mwalimu Evdokija hakusoma kitu, alinyoosha mkono tu. Nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa lakini kidole gumba bado kile kile, anakipitisha juu ya mshono kama anayesoma.

Akaanza na la Blaguna. Akapapasa mikono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika kwenye kola. Akakutanisha ncha mbili, akazilinganisha. Akamwita yule mjumbe wa kulia atazame.

"Hii kola nani kashona?"

Blaguna angesema jina langu tulikuwa tumekwisha sote wawili, kwa sababu sheria ni mikono yako peke yako. Nilikuwa nimesahau kufikiria hilo. Nilifikiria kila kitu, hilo sikulifikiria.

"Mimi, mwalimu," akasema Blaguna.

"Anayetia mikono namna hii anaharibu kola namna hii?"

"Nilikuwa na haraka, mwalimu. Unanijua."

"Nakujua," akasema mwalimu, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Halafu akachukua la kwangu. Akakutanisha ncha za kola, akaziachia mara moja, kana kwamba hakutegemea vingine. Akaingiza ngumi yake ndani ya mkono wa koti, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mikono hii imekaa vizuri sana. Nani kashona?"

Blaguna alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yangu.

"Mimi," nikasema.

28 Machi
Ilčo ameuliza mbona sili. Nimesema ni Kwaresima.

10 Aprili
Orodha imebandikwa. Wafugaji nyuki wanne, mafundi bomba wawili, kinyozi, mimi.

Nilisubiri furaha. Nilijua inachelewa tu, nikaenda sokoni, nikanunua samaki, nikaisubiri na huko.

14 Aprili
Blaguna ameanza kazi kiwanda cha barabara ya Radoviš. Zamu ya asubuhi. Anatia mikono.

20 Aprili
Pasaka. Kila mwaka mimi na Blaguna hugonganisha mayai mekundu kwenye ngazi za nyumba yangu, na kila mwaka la kwake hushinda bila kupasuka na hujisifu mpaka Mei. Leo hakuja. Nilimwona amepita upande wa pili wa barabara na sahani imefunikwa kitambaa, anampelekea mtu mwingine. Na hapo, Mungu wangu, nikamwonea wivu huyo mtu mwingine.

6 Mei
Mashine zimefika. Cherehani, ya kufunga pindo, pasi ya mvuke. Chumba nimepata kile cha fundi saa. Mwenye nyumba alipomkabidhi Ilčo ufunguo alisema, "Nilikuwa nimemwahidi Blaguna."

8 Mei
Suruali mbili za kupunguza.

9 Mei
Zipu.

14 Mei
Amekuja msichana na mama yake. Sherehe ya kumaliza shule ya upili ni wiki tatu zijazo, na yeye hataki gauni kama wenzake, anataka suti nyeupe. Koti na suruali. Mama akasema wenzake watano wanangoja kuona yake itakavyotoka, ikitoka vizuri nao watakuja kwangu kwa marekebisho na mengine yote.

"Mwalimu Evdokija ndiye ametuelekeza," akasema mama. "Amesema, nendeni mkamwambie awatilie mikono kama ile ya sampuli yake. Amesisitiza, kama ile ile."

Nilikuwa nimepiga magoti napima urefu wa suruali. Nilibaki pale pale chini muda, nikijifanya natafuta pini.

15 Mei
Nimetia mkono mara nne. Kitambaa cheupe kinaonyesha kila tundu la sindano.

16 Mei
Nilikwenda kwa Blaguna baada ya zamu yake. Nilitaka kuingia kwa mlango wa jikoni kama zamani, halafu nikasita nikagonga.

Alikuwa anasafisha pilipili. Hakunikaribisha kiti wala hakunifukuza.

"Blaguna, ile kola. Haikuwa bahati mbaya."

"Ala."

"Niliirefusha upande mmoja. Nusu sentimita."

"Milimita sita," akasema. "Nilipima."

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamuuliza alijua lini.

"Ulipotoka tu mlangoni. Sofka, miaka ishirini na miwili kola zako zinapita mikononi mwangu. Siku Ilčo amelazwa hukukosea. Siku tuliyomzika mama yako ulirudi kazini mchana, macho mekundu, ukashona kola mia na hukukosea hata moja. Leo uje ukosee yangu?"

"Basi kwa nini ulilipeleka?"

Aliweka kisu chini. Sijawahi kumwona Blaguna akitafuta neno.

"Nilingoja. Tulikaa kwenye lile benchi saa nzima. Nikasema, huyu atanishika mkono. Ataniambia usiingie nalo, tuseme tunaumwa, turudi kesho. Hata walipotuita niliinama nikajifanya nafunga kiatu, nikupe muda. Nikainama mpaka yule karani akaita tena."

Nilikumbuka mgongo wake ameinama. Nilikuwa nimeupita nikatangulia.

Nililia, naye aliniacha nilie huku anaendelea na pilipili. Nikamwambia yote, habari ya mmoja, ya chumba, ya Isar, ya joto la kiganja chake. Nilipofikia hilo la kiganja alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Umenionea wivu mimi? Mimi nalala na redio imewashwa nisikie mtu nyumbani."

Baadaye nikamwambia habari ya suti nyeupe. Akafikiri.

"Sijakusamehe. Unanisikia? Na usije kesho na keki ukadhani yamekwisha."

"Sitaleta."

"Nitaacha kiwanda. Kwenye karatasi za ofisi uniandike mfanyakazi, sina neno. Mlangoni uandike Blaguna, na jina langu litangulie lako."

"Ruzuku ni ya mtu mmoja, wakija kukagua—"

"Ofisi inasoma karatasi. Watu wanasoma mlango. Unataka mikono au hutaki?"

Nimesema nataka.

19 Mei
Amekuja na aproni yake. Ameisogeza cherehani karibu na dirisha bila kuniuliza. Pale ni pazuri zaidi, nilipaswa kuona mwenyewe. Hatukuongea mpaka saa sita. Saa sita akasema, "Kola," akanyoosha mkono wa kulia bila kunitazama, nami nikaisukuma kushoto.

23 Mei
Suti imekwisha. Msichana amejigeuza mbele ya kioo mara nane. Wenzake watano wamekuja wote pamoja na kelele zao, wakamzunguka Blaguna. Nilishona pindo nikiwa nimewapa mgongo, kichwa kinaniuma.

Amesema kwa sauti, ili nisikie, "Ya kola mwulizeni yule. Hiyo siiwezi mimi wala mwingine mji huu." Wakageuka wote kunitazama. Sikujua niweke wapi mikono.

30 Mei
Fundi wa mabango amemaliza leo asubuhi. BLAGUNA NA SOFKA, na chini yake, kushona na kurekebisha nguo. Ilčo amenunua rakija, pombe kali ya matunda, watu wa sokoni wamekuja kutupongeza, na Blaguna amewachekesha wote.

Walipoondoka nilivuka barabara nikalitazama bango kwa utulivu. Jina lake lina herufi saba, langu tano, hilo halina dawa. Lakini niliona pia kwamba herufi zake ni kubwa kuliko zangu. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikachukua ngazi ya fundi kabla hajaipakia garini, nikapanda na futi yangu shingoni.

Ziko sawa.

Nimepima mara ya pili.

"Unaona nini huko juu?" Blaguna akaniuliza kutoka mlangoni, mkono mmoja ameshika ngazi nisianguke.

"Ziko sawa," nikamjibu.

"Najua," akasema. "Nilizipima asubuhi."